Ila ya Gari na Ila ya Dhana



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii twaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuzungumze juu ya gari. Si gari la fahari. Ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, tuliyoinunua mwaka 2005 ikiwa imekwisha kutumika Japani, na tangu hapo imetupeleka misikitini, mazikoni, harusini na hospitalini bila ya manung'uniko makubwa. Twalizungumza gari hili kwa sababu lilitufunza somo ambalo sisi wenyewe tumelisomesha vijana kwa miaka mingi, na tulipohitaji kulitumia hatukulitumia. Kosa letu lilikuwa la hadharani, na inafaa maelezo yake nayo yawe ya hadharani.

Gari lilianza kutetemeka. Halikutetemeka likienda, kwani barabarani lilikuwa tulivu kama kawaida yake. Lilitetemeka likisimama na injini ikiwaka, hali ambayo mafundi huiita sailensi. Aliyewahi kukaa katika foleni ya feri ya Likoni atatuelewa. Gia iko kwenye D, mguu uko kwenye breki, mbele yako lori, nyuma yako matatu, na usukani unatetemeka mikononi kama mtu aliyeshikwa na homa. Tasbihi tuliyoitundika kwenye kioo cha ndani ilikuwa ikicheza yenyewe. Mama yetu mzazi, ambaye huketi mbele kwa sababu ya magoti yake, siku moja alituuliza, "Mwanangu, gari hili limeingiwa na nini? Lanitikisa hata mifupa." Tulimjibu kwamba tutalitazama.

Kabla hatujalitazama, mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, alituomba gari aende Malindi kwenye harusi ya rafiki yake. Kijana huyu ndiye aliyekuwa akimpeleka bibi yake kliniki kila baada ya wiki mbili, na hatukuwa na sababu ya kumnyima. Alikwenda, akalala siku moja, akarudi. Akatwambia kwa uwazi kwamba alitia mafuta njiani, Kilifi. Kesho yake asubuhi tulipoliwasha gari, mtetemo ulikuwa umezidi. Injini ilikwenda kwa kusuasua, na mara mbili ilizimika yenyewe pale mlangoni.

Hapo ndipo tulipokosea. Jioni ile, baada ya sala ya isha, tumeketi barazani pamoja na majirani wanne, kijana alipita kutuamkia. Tukamwambia mbele ya wote, "Wewe umetuharibia gari. Umetia mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa kwa kutaka rahisi." Alisema, "Mjomba, nilitia katika kituo kikubwa, na risiti ninayo." Hatukutaka kuiona risiti. Tulikuwa tumekwisha kuhukumu.

Siku ya pili tulimpelekea fundi gari, na hatukumuuliza lina nini. Tulimwamrisha: toa mafuta yote tangini, badilisha chujio, safisha injekta. Fundi yule hatumlaumu hata kidogo. Alifanya alichoambiwa, tukamlipa shilingi 11,500. Tukaliwasha gari, likatetemeka vilevile.

Mtu mwenye insafu angesema pale pale kwamba mafuta hayakuwa na kosa, kwa kuwa yameondolewa na maradhi yamebaki. Sisi hatukusema hivyo. Tulisema kwamba basi kijana atakuwa amelipigisha gari mashimo. Hii ndiyo tabia ya dhana mbaya: shitaka lake la kwanza likianguka haimwachilii mshitakiwa, humtafutia shitaka la pili. Maneno hayo yalimfikia. Akaja mchana sisi hatupo, akamkabidhi bibi yake ufunguo wa gari, na hakurudi tena nyumbani kwetu. Kliniki iliyofuata, mama yetu alikwenda kwa tuktuk, akarudi ameshika kiuno. Hakutulaumu. Alisema neno moja tu: "Mtoto yule hajui kusema uongo, nimemlea mimi."

Ndugu mmoja wa safu yetu msikitini alituelekeza kwa fundi mzee, mtu wa maneno machache, afanyaye kazi chini ya mwarobaini. Tulipofika tulianza, kwa mazoea yetu, kumweleza kwamba gari limeharibiwa na kijana. Akatukatiza kwa adabu. "Sheikh, tumwache kijana. Niambie gari linafanya nini."

Kisha akatuuliza maswali, na twayaandika hapa kwa sababu kila mwenye gari la umri anaweza kujiuliza mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi moja. Mtetemo huja asubuhi injini ikiwa baridi, au likiisha kupata moto, au nyakati zote? Ukiitia gia kwenye N hupungua, na ukiirudisha kwenye D huzidi? Ukiwasha kiyoyozi huwaje? Ukikanyaga mafuta kidogo, hutoweka? Mshale wa mizunguko kwenye dashibodi hutulia mahali pamoja, au hupanda na kushuka? Je, kuna taa iliyowaka kwenye dashibodi? Na swali la mwisho, ambalo lilitukera wakati ule: ni nani aliyeuona mtetemo huu mara ya kwanza, na lini?

Tukamjibu yale tuliyoyajua. Hilo la mwisho tulilijibu kwa haraka kwamba ni tangu safari ya Malindi, ilhali mama yetu alikuwa amelalamika kabla ya safari. Ulimi ulitangulia kumbukumbu.

Fundi akatueleza jambo ambalo hatukuwahi kulifikiri. Injini ya gari letu ina silinda nne, na kila crankshafti inapozunguka mara moja, silinda mbili huwaka. Gari likisimama, injini huzunguka kiasi cha mara 750 kwa dakika, na hiyo ni miripuko 25 midogo kwa kila sekunde, mmoja nyuma ya mwenziwe kwa mpangilio. Ikiwa silinda moja haiwaki, kila mripuko wa nne hukosekana, na injini hupungukiwa nguvu mara sita hivi kwa sekunde. Huo ndio mtikiso unaousikia mwilini. Gari likienda kasi, mizunguko ni mingi na mwendo wenyewe husaidia kuuficha upungufu huo. Likisimama, injini ina nguvu ndogo mno, na kila aibu yake huonekana.

Halafu kuna sababu nyingine isiyohusu kuwaka. Hata injini nzima hutikisika kidogo kwa maumbile yake, na kwa hivyo waundaji wameifunga kwenye bodi kwa raba nene, ambazo mafundi wetu huziita mauntingi. Katika gari kama letu raba hizo ni nne. Kazi yake ni kuumeza mtikiso usifike kwa abiria. Zikipasuka, injini inaweza kuwa nzima kabisa na bado wewe ukatetemeka kitini.

Kwa hivyo, akasema fundi, swali la kwanza ni hili: injini ndiyo inayotetemeka kupita kiasi, au injini i sawa na kinachoishikilia ndicho kibovu? Au yote mawili?

Hapo sisi tulinyamaza, kwa sababu tuliitambua njia ile. Katika elimu ya usuli wa fikihi, mwanachuoni anapotafuta sababu ya hukumu, ambayo kwa Kiarabu huitwa illa, mojawapo ya njia zake ni ile iitwayo sabri na taqsimu. Taqsimu ni kuzigawa na kuzihesabu sababu zote zinazowezekana. Na sabri hapa si ile subira tuijuayo, bali ni neno jingine kwa herufi ya sini, lenye maana ya kupima kina, kama tabibu anavyolipima jeraha. Mwanachuoni huzipima sababu moja moja, huiondoa isiyofaa kwa hoja, mpaka ibaki ile isiyoweza kuondolewa. Neno illa lenyewe kwa Kiarabu lina maana ya maradhi pia, na sisi Waswahili twalo neno ila, yaani dosari. Miaka yote tumewachorea wanafunzi ubaoni mifano ya ulevi na zabibu. Fundi huyu, chini ya mwarobaini, alikuwa akitusomesha somo letu wenyewe kwa mikono yenye grisi.

Akaanza kupima. Kwanza alikwenda nyuma ya gari, akaweka kiganja karibu na mdomo wa bomba la moshi, bila kuligusa. Akatwita tufanye vilevile. Pumzi ya moshi haikuwa sawa. Ilikuwa ikija tatu, kisha ikakatika, tatu, kisha ikakatika. Akasema, "Injini ina silinda isiyofanya kazi. Lakini tusikimbilie. Tujue ni ipi na kwa nini."

Pili, alitazama mipira ya hewa iliyoungana na injini, kwa kuwa ikipata ufa huingiza hewa isiyopimwa na kuivuruga sailensi. Akasikiliza kama kuna mlio wa kufyonza, akanyunyiza maji ya sabuni kwenye viungo, asione wala asisikie kitu. Sababu hiyo akaiondoa. Tatu, akafungua mlango wa kuingizia hewa akautazama kama umeganda masizi, kwa maana masizi huibana njia ya hewa ile kidogo ambayo injini huitegemea ikiwa imesimama. Ulikuwa na uchafu kiasi, akausafisha, mtetemo ukabaki. Hiyo nayo akaiondoa.

Nne, alichukua koleo lenye mpini wa plastiki, akachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine injini ikiwaka. Kazi hii twawaomba wasomaji wasijaribu, kwani umeme wa pale ni mkali, na katika baadhi ya magari huweza kuharibu vifaa; mwachieni mwenye ujuzi. Alipochomoa ya kwanza, injini ilidhoofika ikataka kuzimika. Akairudisha. Alipochomoa ya pili, hakuna kilichobadilika. Ya tatu na ya nne, injini ilidhoofika kama mwanzo. Mwenye kuondoka asiache pengo hakuwa akifanya kazi tangu awali: silinda ya pili ndiyo iliyokuwa imekufa.

Akazima injini, akatazama ndani ya kile kishimo kirefu ambamo plagi ya pili hukaa. Kilikuwa kimejaa mafuta ya injini. Raba ya mviringo iliyo chini ya kifuniko cha juu cha injini ilikuwa imekauka kwa miaka na joto, ikawa ngumu kama gamba, na mafuta yalikuwa yakipenya tone kwa tone mpaka yakaizamisha plagi. Kofia ya waya wake ilikuwa imelainika na kuvimba, na umeme ulikuwa ukitorokea pembeni badala ya kufika ncha ya plagi.

Hata hapo hakuridhika. Alikikausha kishimo, akaifuta plagi, akatia waya mzima aliokuwa nao. Injini ikawaka kwa sauti moja. Akaurudisha waya wetu mbovu, mtetemo ukarudi. Akautia tena ule mzima, ukaondoka. Wanafunzi wa usuli huiita njia hii dawarani: hukumu huzunguka pamoja na sababu yake, ikiwapo huwapo, ikitoweka hutoweka. Baada ya hapo hakuna haja ya kuapa.

Lakini gia ilipotiwa kwenye D, usukani ulikuwa bado unatetemeka kidogo. Fundi akafunga handibreki, akakanyaga breki kwa nguvu, boneti likiwa wazi na sisi tumesimama ubavuni, wala si mbele ya gari. Akaitia gia D, kisha R, kisha D. Injini ikaruka kama ngalawa iliyokatika nanga. Raba ya nyuma, upande wa ukuta wa kabini, ilikuwa imepasuka. Mafuta yaleyale yaliyovuja juu yalikuwa yakitiririka nyuma ya injini na kuidondokea, na mafuta ni adui wa raba. Ila moja ilikuwa imezaa mbili.

Tukamuuliza, na hapa sauti yetu ilikuwa imepungua, "Je, kijana angeweza kuipasua kwa mashimo ya njiani?"

Akaitoa raba ile akatupa mkononi. "Tazama, Sheikh. Raba iliyopasuka jana, ndani yake huwa nyeusi na safi. Hii mpasuko wake umejaa vumbi na kutu ya chumvi ya pwani. Na yale mafuta kwenye plagi hayakujaa kwa siku mbili. Hili ni jambo la miezi, labda la mwaka. Safari ndefu imelidhihirisha tu."

Tuliposimama na raba ile mkononi, ndipo ilipotujia kumbukumbu ambayo nafsi ilikuwa imeizika. Miezi mitatu kabla ya harusi ya Malindi, kijana yuleyule alirudi kutoka kliniki na bibi yake, akatwambia, "Mjomba, gari linaanza kutikisika likisimama. Lipelekwe kwa fundi mapema." Nasi tulikuwa tukitayarisha darsa, tukamwambia atuache tusome. Jawabu la swali la mwisho la fundi, la nani aliyeuona mtetemo kwanza, lilikuwa ni yeye. Aliyetuonya ndiye tuliyemfanya mkosa.

Matengenezo yote, yaani raba za kifuniko, seti ya waya na mauntingi ya nyuma, yalitugharimu shilingi 8,200. Zile 11,500 za mwanzo zilikuwa ni kodi ya kiburi. Lakini gharama kubwa haikuwa ya fedha. Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 6 na ya 12, imetuamuru tuzihakiki habari na imetukataza kuifuata dhana. Mafakihi wakaweka kanuni kwamba asili ya mtu ni kutokuwa na deni mpaka lithibitike, na kwamba yakini haiondolewi na shaka. Yakini yetu ilikuwa kwamba kijana ni mkweli, kwa miaka ishirini na miwili tuliyomjua. Shaka yetu ilikuwa ni mtetemo wa siku moja. Tukaiuza yakini kwa shaka, na mtu anayefanya hivyo ndiye aliyekuwa akihutubu juu ya dhana.

Toba ya haki ya mja haitimii kwa istighfari pekee. Lazima umrudie mwenye haki. Na kwa kuwa tuliivunja heshima yake mbele ya watu, tuliona haitoshi kumwomba radhi faraghani. Tulikwenda kwao, tukamwomba dada yetu na yeye waje. Baada ya isha, barazani palepale, mbele ya majirani walewale wanne, tulieleza yote: mafuta, raba, na lile onyo lake tulilolipuuza. Tukamwomba atusamehe. Alitubusu mkono na kusema, "Yamekwisha, Mjomba. Lakini siku nyingine niulize kwanza." Majirani wakatazama chini. Sisi tukamwambia kwamba ana haki ya kulisema hilo, na kwamba tutaliweka moyoni.

Kwa wenye magari ya umri kama letu, twausia haya machache. Mtetemo wa sailensi msiupuuze, kwa maana mwanzo wake huwa rahisi na mwisho wake huwa ghali. Silinda isiyowaka hutupa mafuta mabichi kwenye bomba la moshi na kuyapoteza. Mwende kwa fundi na maelezo, msiende na hukumu. Mwambieni ni lini, wapi, kwa gia gani, kwa joto gani. Mkiona fundi anabadilisha vifaa kabla ya kuuliza na kupima, mwulizeni kwa upole ni kipi kilichomthibitishia. Injini msiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake huua kimyakimya. Na mtoto akikwambia gari linatikisika, funga kitabu umsikilize.

Wiki iliyopita tulikuwa tena katika foleni ya feri, kijana akiwa kwenye usukani, bibi yake mbele, nasi kiti cha nyuma. Tasbihi ilining'inia kimya. Mama yetu akaitazama, kisha akatutazama sisi kwa kioo, asiseme kitu.

Mwenyezi Mungu atusamehe makosa ya ndimi zetu, na atujaalie kuthibitisha kabla ya kuhukumu. Wabillahi tawfiq.